Trekta Alilolichagua Anakleti

Watu wa kikundi cha wakulima walimpa Anakleti, katibu wao, kazi mbili mwaka ule, zote kwa sababu moja: alikuwa na kidato cha nne na mwandiko unaosomeka. Ya kwanza, mwezi wa saba, ilikuwa kwenda Tabora mjini kuchagua trekta. Ya pili, mwezi wa kumi na moja, ilikuwa kuandika wasifu wa marehemu Festo, mume wa dada yake, aliyeuawa na trekta hilo.

Jumatano mchana alikaa barazani kwake na karatasi mbili, huku wanaume wakichimba kaburi nyuma ya nyumba ya Festo. Mapigo ya sururu yalimfikia moja moja. Ardhi ya Ulyankulu ikinyeshewa mara mbili tatu hulainika juu, chini ikabaki vilevile. Aliandika jina, mwaka wa kuzaliwa, ubatizo, ndoa na Esperansi, watoto watatu. Aliandika kwamba marehemu alikuwa dereva wa kikundi na aliimba sauti ya nne kwenye kwaya. Halafu akafika pale ambapo kila wasifu hufika, na kalamu ikagoma.

Mzee Hilari, mwenyekiti wa kikundi, alikuja kutoka kaburini, koleo begani, jasho likimtiririka.

"Umefika wapi, katibu?"

"Kwenye kifo."

"Hapo ni pafupi. Andika alisahau kulitoa trekta kwenye gia. Usiandike uzembe, uzembe ni neno zito, watoto watakuja kulisoma. Andika alisahau."

"Nani kasema ni yeye aliyesahau?"

"Sasa asahau nani? Dereva si yeye?" Mzee Hilari akamshika bega. "Pole, Anakleti. Najua alikuwa shemeji yako. Lakini kesho saa nane tunazika. Maliza."

Akarudi kaburini. Ukweli ulikuwa mfupi kuliko hata alivyotaka mzee. Festo hakuliacha trekta kwenye gia. Aliyeliacha ni Anakleti, na hakuna aliyemwona. Akiliandika hilo atampoteza Esperansi, na katika watoto sita wa mama yao walikuwa wamebaki wao wawili tu. Asipoliandika, Festo atazikwa na kosa ambalo si lake.

Kule Tabora walikwenda yeye na Festo. Nyuma ya maduka ya spea ya Kanyenye palikuwa na uwanja wa muuzaji aitwaye Idrisa, na uwanjani palikuwa na matrekta mawili ambayo kikundi kingeyaweza. La bluu lilikuwa na miaka saba, lina paa la chuma, kiti chenye springi na vitaa vidogo vidogo mbele ya usukani. Jekundu lilikuwa na miaka arobaini au zaidi, Idrisa mwenyewe hakuwa na hakika. Rangi yake ilikuwa imepakwa kwa brashi juu ya kutu.

Festo alipanda la bluu akakaa kama bwana harusi.

"Shemeji, nipige picha. Esperansi akiiona hii leo napikiwa kuku."

"Liwashe kwanza tulisikie."

Festo akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Idrisa akacheka.

"Kanyaga klachi, dereva. Hilo bila kukanyaga klachi mpaka chini haliwaki, hata ulibembeleze. Lina swichi yake huko ndani."

"Na hiyo swichi ikifa?" Anakleti akauliza.

"Unaagiza."

"Wapi?"

"Dar. Wiki mbili, wiki sita, inategemea."

Idrisa hakuwa mwongo, na kwa hilo Anakleti akamwamini katika mengine yote. Aliwakumbuka watu wa kikundi kimoja cha Urambo, ambao trekta lao jipya lilisimama mwezi wa kumi na mbili kwa kukosa kidude kinachoenea kiganjani. Lilikaa chini ya turubai mpaka mvua zikaisha. Familia kumi na moja zililima kwa mkono, zikalima kidogo, na mwezi wa pili watoto wao walikuwa wakila mboga bila ugali. Anakleti aliwaona watoto hao kwa macho yake.

Jekundu Idrisa aliliwasha akiwa amesimama chini, mbele ya tairi kubwa. Aliingiza bisibisi kwenye stata, cheche ikaruka, trekta likakohoa moshi mweusi likaunguruma.

"Ufunguo upo," akasema. "Lakini hata ukifa, mmeona wenyewe. Na spea zake, tembea hatua ishirini uingie duka lolote."

"Linapiga kelele kama mashine ya kusaga," Festo akasema.

"Mashine ya kusaga imekulaza njaa lini?" Anakleti akauliza.

"Shemeji, breki ya mkono haina kitu. Nimeivuta imekuja yote mkononi."

"Tutakuwa tunaliegesha kwenye gia."

"Lakini atakayelikalia ni mimi."

"Utalikalia wewe, tutakula wote."

Festo alirudi kwenye la bluu, akakipangusa kile kiti chake kwa kiganja, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Hakubisha tena. Hakupenda kushindana na shemeji yake mbele za watu.

Walilitoa mjini alfajiri, wakapita miembe mikubwa iliyopandwa enzi za misafara, Festo usukanini, Anakleti juu ya madigadi. Walifika nyumbani jua likizama. Esperansi alilizunguka mara moja, mikono kiunoni.

"Kaka, hili mmelinunua au mmelifufua?"

Watu walicheka wiki nzima. Lakini trekta lilifanya kazi. Lilisomba tofali, likasomba kuni za kukaushia tumbaku, na lilipoharibika lilitengenezwa siku hiyo hiyo. Wale waliotaka la bluu wakanyamaza, kisha wakaanza kumsifu Anakleti. Mwezi wa nane swichi ya ufunguo ikafa. Hakuna aliyejisumbua nayo. Walifunga bisibisi kwa kamba karibu na stata, na trekta likawa linawashwa kwa bisibisi.

Anakleti peke yake ndiye aliyeona hatari. Trekta lisilo na breki ya mkono huachwa kwenye gia lisitembee. Trekta linalowashwa kwa bisibisi huwashwa na mtu aliye chini, na likiwa kwenye gia linaondoka naye. Akaweka sheria kikaoni: anayeliacha kwenye gia afunge tawi lenye majani kwenye usukani. Ukikuta tawi, panda kwanza ulitoe kwenye gia. Usipokuta tawi, basi gia imetolewa na mawe yamewekwa kwenye tairi za upande wa pili wa stata. Walimtania kwamba trekta limekuwa bibi harusi, lakini waliishika sheria, wanachama wote wanane, miezi mitatu bila kosa.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumapili. Jumatatu kila mtu alitaka kulimiwa. Festo alikuwa kwenye shamba la Mzee Hilari tangu asubuhi, na ilipofika saa tisa alikuwa anatetemeka, meno yanagongana.

"Nenda ukalale," Anakleti alimwambia. "Kipande hiki namaliza mimi, nitalirudisha."

"La dada yako bado sijaligusa, shemeji. Kesho mapema nalilima."

"Nenda, unatutetemeshea mpaka trekta."

Festo alicheka, akaenda akijikunja. Jioni Anakleti alilipeleka trekta mahali pake, kwenye mteremko mbele ya bani kuukuu la tumbaku, jengo refu la udongo ambamo tumbaku haikaushwi tena. Akatia gia ya kwanza, akazima. Matone makubwa yalikuwa yameanza kuanguka. Mti uliokuwa karibu ulikuwa ng'ambo ya mtaro, na mtaro ulikuwa umeshajaa maji. Alisimama akautazama. Akajiambia: kesho wa kwanza kufika hapa ni mimi, kama kila siku, maana dizeli naileta mimi. Akavua shati, akafunika simu, akakimbia nyumbani.

Asubuhi mwenye kuuza dizeli alichelewa kufungua. Anakleti alisimama mlangoni na dumu lake kwa zaidi ya nusu saa. Festo alikuwa ameamka hana homa, tenki bado lina mafuta ya jana, na alitaka kufidia saa alizolala. Alifika kwenye bani, akatazama usukani. Haukuwa na tawi. Akasimama mahali ambapo wote walisimama, mbele ya tairi kubwa, akashika bisibisi.

Asubuhi nyingine zote trekta lile lilitaka kubembelezwa mara tatu, mara nne. Siku hiyo liliwaka mara moja. Lilimpitia, likateremka mpaka kwenye ukuta wa bani, likabaki pale linausukuma. Anakleti aliusikia muungurumo akiwa njiani na dumu lake, akafurahi moyoni: shemeji amepona.

Polisi walikuja, wakapima kwa hatua, wakauliza dereva ni nani. "Dereva ndiye huyo marehemu," Mzee Hilari akajibu. Wakaandika. Anakleti alikuwa amesimama hapo hapo, dumu mkononi, na hakufungua kinywa.

Sasa, Jumatano ile, jua lilipopungua alichukua karatasi zake akaenda msibani, akijiambia kwamba anakwenda kuhakikisha majina ya watoto. Esperansi alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, kitambaa kimemshuka mpaka kwenye nyusi. Akina mama wakawapisha.

"Nisomee, kaka."

Akasoma. Jina, ubatizo, ndoa, kwaya. Akashusha karatasi.

"Endelea."

"Nimeishia hapo."

Esperansi alikipandisha kitambaa kutoka kwenye nyusi. "Jumatatu alirudi saa tisa. Dawa nimempa mimi, nikamfunika mablanketi mawili. Hakutoka tena mpaka asubuhi. Hao wanaosema aliliacha kwenye gia, aliliacha saa ngapi?"

Anakleti alizitazama karatasi.

"Nani alilirudisha, kaka?"

"Nitauliza," akasema.

"Uliza. Wewe watu wanakujibu." Akamshika mkono, mkono wake ulikuwa wa moto. "Sitaki wanangu wakue wakiambiwa baba yenu alijiua kwa kusahau. Mengine yote Mungu anajua. Hilo niondolee tu."

Alitembea kurudi kwake hajui anakanyaga wapi. Alipofika akaketi barazani palepale, na kabla giza halijaingia alikuwa ameandika mistari mitatu iliyokuwa imebaki. Hakuirudia kuisoma.

Alhamisi saa nane jeneza lilikuwa juu ya viti viwili, uwanja umejaa watu wa barabara zote za makazi, kama vijiji vinavyoitwa huko. Katekista aliongoza sala, kisha akamwita katibu wa kikundi. Anakleti alisoma kwa sauti yake ya vikao, bila haraka. Alipofika kwenye ile mistari mitatu hakubadilisha sauti, aliogopa kwamba akiibadilisha haitatoka.

"Jumatatu jioni trekta lilirudishwa kwenye bani na Anakleti, katibu wa kikundi. Aliliacha kwenye gia na hakufunga tawi. Marehemu alitazama usukani kama sheria inavyotaka, hakuona tawi, hakusahau kitu."

Kisha akasoma kwamba marehemu ameacha mjane na watoto watatu, akakunja karatasi.

Mzee Hilari alikuwa anatazama viatu vyake. Nyuma kule mama mmoja akaanzisha wimbo ambao zamu yake ilikuwa bado, na wengine wakaudaka haraka, wakaimba kwa nguvu mpaka jeneza likainuliwa. Kaburini Anakleti alitupa udongo wake kama ndugu wengine. Hakuna aliyemzuia, na hakuna aliyesimama karibu naye. Esperansi alikuwa ameshikwa kwapani na wanawake wawili. Alimtazama mara moja, akageuka.

Mvua haikungoja. Jumamosi kikundi kikakaa, Anakleti akiwa kwenye benchi la mwisho. Mmoja akasema trekta liuzwe, akaulizwa mashamba manane yatalimwa na nini, akakaa chini. Wakamchukua Selemani wa Urambo awe dereva. Mzee Hilari akaenda Kanyenye kutafuta swichi ya ufunguo, akaipata duka la kwanza aliloingia, bei ya kuku wawili. Ilifungwa siku hiyo hiyo. Jumatatu Selemani alilima shamba la Esperansi lote, lile alilolibakiza Festo, na Anakleti aliusikiliza muungurumo huo toka asubuhi akiwa barazani kwake, bila kazi. Ukatibu walikuwa wamempa mtu mwingine, kwa upole. Walisema apumzike.

Siku ya kumaliza matanga ndugu waliitwa kunawa mikono, ishara kwamba msiba umekwisha. Anakleti alivaa shati safi, akapanga mstari na wengine mlangoni kwa dada yake. Esperansi alikuwa amesimama na jagi, beseni chini, anamwagia kila mtu maji ya mikono. Kati ya Anakleti na yeye palikuwa na miaka miwili tu. Tangu utoto Esperansi alikuwa akimwita kaka yake hata kabla hajafika mlangoni, "We kaka, umekufa humo ndani?", akaingia bila hodi, akafunua sufuria. Hawakuwahi kupeana shikamoo.

Zamu yake ilipofika, Esperansi alikunja magoti kidogo, macho chini.

"Shikamoo."

Anakleti alisubiri, labda liko neno jingine linakuja. Watu wa nyuma yake walisubiri pia. Esperansi alikuwa ameliinamisha jagi, maji yamefika mdomoni lakini hayamwagiki, anangoja kujibiwa kama anavyongojwa mgeni.

"Marahaba," akasema.

Maji yakamwagika juu ya mikono yake, kiasi kilekile walichomwagiwa wengine. Kisha akamwamkia aliyefuata.