Ile Alama ya Kutoa

Hivi wewe unaonaje: mzazi na mwanawe wakinuniana ndani ya nyumba moja, nani amfuate mwenzake?

Mwanangu anafundisha kemia sekondari. Binti yake, mjukuu wangu huyu, alikuwa chuo cha maabara, akaanguka somo moja, la kemia ya mwili. Baba mtu akacheka: "Na huyo ndiye mtoto wa mwalimu." Mtoto akaapa hatamuuliza kitu tena. Baba naye akajibu, "Mganga hamfuati mgonjwa. Akinihitaji, mlango anaujua." Ukabaki mtihani wa marudio. Akishindwa huo, chuo basi.

Jumamosi moja kabla ya marudio tulikaa sebuleni, mimi nashona vifungo vya koti lake jeupe la maabara, yeye na hesabu zake.

"Mke mwenzangu, unahesabu nini?"

"Nishati, bibi. Mwilini kuna kazi haziendi zenyewe. Sukari kushikana na fosfati, haiendi. Basi inaunganishwa na kazi nyingine inayotoa nishati, kuvunja ATP, ile akiba ya nishati ya mwili. Unajumlisha zote mbili. Jumla ikishuka chini ya sifuri, inaenda."

"Kumbe ni mvivu kafungwa na mchapakazi."

"Kama wewe na babu."

"Mvivu alikuwa babu yako, tuelewane."

Akacheka, akarudi kwenye karatasi. Sukari ilidai kumi na nne. Jedwali lake lilionyesha nishati ya kuijenga ATP, thelathini juu ya sifuri. Kuivunja ni kinyume, kwa hiyo unaigeuza, unaiwekea alama ya kutoa. Hilo nilikuja kuelezwa baadaye. Mtoto hakuigeuza. Akapata arobaini na nne, akaandika "haiendi". Akaguna, akafuta, akarudia. Ikaja ile ile.

Baba yake akapita kuchukua pasi nyuma ya kiti chake. Akaitazama karatasi. Nilimwona akifungua mdomo. Kisha akakohoa, akaenda zake kunyoosha shati.

Majibu yalipotoka, mtoto alirudi akalitundika koti nyuma ya mlango, akakaa. Hakuna aliyeuliza. Tuliona usoni kuwa ameanguka tena.

"Swali la sukari lilikuja?" baba yake akasema mwishowe.

"Lilikuja. Nilipata arobaini na nne."

Mwanangu akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaifuta tena.

"Ile alama niliiona, mwanangu. Jumamosi ile. Nikasema ukiniuliza, nitakwambia."

"Uliiona?"

"Niliiona."

Nilidhani mtoto atapiga kelele. Nilimwandalia hata neno la kumtuliza. Lakini alichezea kucha zake kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Mimi sikutaka unifundishe, baba," akasema. "Nilitaka uvute kiti ukae na mimi. Hata bila kusema kitu."