Sinia la Jeremia

Kwa siku ya kumaliza msiba wa mumewe, Melania alikuwa ameomba jambo moja tu: wote waliovua na Jeremia wale kwenye sinia moja. Kwa miaka ishirini Jeremia, Mkristo mzaliwa wa Mwamgongo, alivua katika mtumbwi mmoja na Mzee Zubery, Mwislamu wa Kasingirima, wakamega ugali mmoja. Ndiyo maana kila palipokuwa na shughuli nyumbani kwa Melania, hapa Kibirizi mjini Kigoma, mbuzi alichinjwa na Zubery, ili kila mgeni ale. Hakuna aliyehitaji kukumbushwa.

Ila safari hii mbuzi alitoka Mwamgongo na Castory, mdogo wake marehemu. Ziwa lilikuwa limechafuka, Castory akahofia mbuzi atapiga mateke mtumbwini, akamchinja ufukweni kwao alfajiri, kabla ya safari. Alipofika na nyama ndooni alitarajia kupongezwa.

Zubery na wavuvi wenzake wanne, Waislamu kama yeye, walikuwa wameshakaa mkekani. Zubery aliitazama ndoo, akatabasamu.

"Watu wa Mwamgongo mna haraka. Hata mbuzi hamkumpa nafasi ya kuiona Kigoma."

Kisha akaeleza kwa upole kwamba wao watakunywa chai, wengine wale. Castory hakuipenda hiyo chai. Mbuzi yule alimlea mwenyewe, alisema, na kabla ya kushika kisu alisali.

"Mungu si ni huyo huyo, Mzee?"

"Ni huyo huyo," Zubery akajibu. "Ndiyo maana siwezi kumdanganya."

Melania alikuwa amesimama mlangoni na sinia tupu. Binti yake Catherine, aliyehitimu chuo kikuu mwaka jana katika somo la historia, akaona jinsi mama alivyolikumbatia. Akaenda kuketi ukingoni mwa mkeka. Hakuwa na wasiwasi, kwa sababu habari aliyotaka kuisema kila mtu pale alikuwa na kipande chake.

Aliwakumbusha siku Ibrahimu alipojiwa na wageni asiowajua, akawaandalia ndama. Castory akadakia kwamba wageni walikula. Zubery akatikisa kichwa: kwa Waislamu, mikono ya wageni haikukifikia chakula, na mwenyeji akaingiwa na hofu. Catherine akasema amesoma kwamba walimu wa kale wa Kiyahudi nao walilifikiria jambo hilo, wakaona wale wageni walijifanya tu wanakula, wasimvunjie mwenyeji heshima.

"Hao ndio waungwana," mvuvi mmoja akasema, na watu wakacheka.

"Baba mdogo," Catherine akamgeukia Castory, "watoto wa Ibrahimu wamepishana kama wageni walikula au hawakula. Kwamba babu yao alihangaika awape chakula, hapo hawajapishana. Na alikuwa mzee kuliko wewe."

Castory aliisogeza ndoo yake kando. Halafu akachukua beseni, akateremka mwaloni wanakouzia samaki, bila kuaga.

Alirudi na samaki, migebuka, bado wanang'aa. Samaki hangoji kisu cha mtu wa dini yoyote. Catherine alikwenda kwa Nasra, mke wa Zubery, kuazima sufuria isiyoguswa na nyama ile, na Castory mwenyewe akapaa magamba, akapika kwa mawese. Nyama ya mbuzi ikatengwa kwa ajili ya wanakwaya wa kanisani ambao wangekuja jioni.

"Hata Myahudi angekula hapa," Catherine alisema. "Wao samaki wanataka awe na mapezi na magamba."

"Basi naye akaribie," Zubery akasema, akisogea kidogo mkekani. "Nafasi ipo."

Sinia likawekwa katikati, ugali wa muhogo ukifuka moshi. Castory alikaa ubavuni mwa Zubery, lakini hakula. Aliutazama mkono wa mzee. Zubery akasema bismillahi, akamega tonge, mkono ukamfikia samaki.

Ndipo Melania, aliyekuwa bado amesimama, akaketi nao.