Mpige

Mimi ni mtu wa hasira na sifichi. Siku Yaarub alipomvunja mchezaji wangu Ruba kifundo cha mkono kwa fimbo ya gofu, nilitamani kumvunja wake hapo hapo kwenye nyasi. Ruba alikuwa ameinama kuweka mpira. Yaarub, nahodha wa wavulana, akapita nyuma yake na kuizungusha fimbo, eti anajinyoosha. Mfupa tuliusikia sote. Ripoti ikaandikwa ajali, na jioni ile ile wavulana walikuwa wakicheka kantini.

Chuo chetu cha serikali hapa Maskati kina timu mbili za gofu na uwanja mmoja wa mazoezi. Wavulana wako chini ya Jaifar. Wasichana nawafundisha mimi, Edith, niliyetoka Nakuru kwa mkataba wa miaka mitatu. Ratiba imebandikwa mlangoni: kuanzia saa kumi hadi magharibi ni zamu ya wasichana. Wavulana waliipita kila siku bila kuitazama.

Jaifar, Yaarub na mchezaji wangu bora, Kheiria, wote ni wa familia zilizorudi kutoka Unguja, kwa hiyo uwanjani Kiswahili kilitawala. Kheiria hakuchoka kukitania changu.

"Mwalimu, usitwambie 'wasichana, mpige'. Sema 'pigeni'. Ukisema mpige, miye namtafuta huyo wa kupigwa yuko wapi."

"Kwetu tunasema mpige, na mpira unaenda."

Mwaka mzima nikabaki na mpige yangu, naye mwaka mzima akanicheka.

Jumanne iliyofuata baada ya Ruba kuumizwa, tulifika saa kumi kamili tukawakuta wavulana bado wanapiga. Nikamwendea Jaifar.

"Zamu yenu imeisha."

"Tulia, mama. Wanamalizia."

"Wiki iliyopita walimalizia mkono wa mtoto wa watu!"

Nyuma yangu Yaarub alikipiga teke kikapu cha mipira. Mpira mmoja ukampata Malak, mdogo kuliko wote timuni, ukampasua juu ya jicho. Nilipoiona damu ikimtiririkia shavuni, nilichemka. Nikamgeukia tena Jaifar, uso kwa uso, nikapaza sauti ili wasichana wangu wanisikie huko nyuma:

"Wasichana, mpige! Saa ni yenu, mpige!"

Sikujua kwamba Yaarub alikuwa amevuka kamba ya mstari wa kupigia. Alikwenda kusimama hatua kumi mbele ya Kheiria, mikono ameitanua, awazuie.

"Pigeni basi, nione!" nikamsikia akisema.

Nilipogeuka, fimbo ya Kheiria ilikuwa tayari inashuka. Mpira ulimwingia Yaarub mdomoni. Alianguka kwa magoti, akatema meno kwenye nyasi, na taya lake likabaki limening'inia upande. Wavulana wakatujia na fimbo. Mmoja alimpiga Malak mgongoni, mwingine akanipata begani nikasikia mkono wote unakufa ganzi. Jaifar aliwatenganisha kwa makofi. Kheiria hakusogea. Alikuwa amesimama pale pale, anapumua kwa nguvu, akimtazama Yaarub anavyotambaa.

Siku ya tatu tuliitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo. Mambo yalikuwa wazi. Kama Kheiria alimlenga kwa hiari yake, anafukuzwa chuo na kukabidhiwa polisi. Kama alitii amri, basi mwenye kosa ni aliyeamuru. Kheiria alikwishawaambia: mwalimu kasema mpige, nami nkampiga. Jaifar alithibitisha kwamba alilisikia neno hilo kwa masikio yake.

Bi Khole, ambaye peke yake kwenye kamati alijua Kiswahili, akavua miwani.

"Edith, hilo 'mpige' uliwakusudia wasichana wote, au ulimkusudia Yaarub?"

Kheiria alikuwa ukutani na mama yake, mikono ameibana katikati ya magoti. Ana miaka ishirini na moja. Alijua nilichokusudia, na mimi nilijua kwamba anajua.

"Nilimkusudia Yaarub."

"Na siku zote ukitaka wapige wote, huwambiaje?"

Jaifar alikuwa amekaa mbele yangu, na mwaka mzima amenisikia.

"Pigeni," nikasema. "Siku zote nawaambia pigeni."

Kheiria akainua uso. Ndiyo mara yangu ya kwanza kulitamka neno lake, na nililitamka kusema uongo. Nikamngoja Jaifar anikanushe. Alimtazama Ruba, aliyekaa karibu na dirisha na plasta yake hadi kwenye kiwiko, akanyamaza.

Askari wawili walikuwa wananingoja nje. Kabla hatujafika kwenye gari, Kheiria alinikimbilia akanishika mkono wa blauzi.

"Mwalimu, miye nlikufahamu, ulitwambia sote. Nlimuona kasimama, nkamlenga mdomo."

"Najua. Nyamaza."

"Wallahi nlitaka afe."

"Hata mimi nilitaka," nikamwambia, na huo haukuwa uongo. "Nenda. Wenzako wako uwanjani na saa kumi inakaribia."

Hakuniachia. Alikuwa analia, kamasi zinamtoka, hajali askari wala wanafunzi waliokuwa wanapita.

"Sasa nani atatwambia mpige?"