Fulana Iliyotiwa Wanga

Kwa miaka thelathini na mmoja nimepiga pasi nguo za watu, na kwa miaka yote hiyo sijatoka nje ya mlango wangu nikiwa na mkunjo hata mmoja. Mtaani wananiita Mzee Pasi. Wengine hunitaja hivyo kwa heshima, wengine kwa kunicheka, nami huwaitikia wote sawa maana wote huniletea nguo. Kola yangu ina wanga, suruali yangu ina mstari, na tai naifunga hata siku ya jua kali. Dobi aliyekunjana ni kama kinyozi mwenye nywele timutimu. Nani atampa kichwa chake?

Basi fikirini nilivyoshtuka Sista aliponiambia nivae fulana.

Sista ni muuguzi. Kwa miaka miwili sasa ananiletea magauni yake ya kazi kila Jumatatu, matano, meupe. Huyaweka mezani, huuliza habari za mgongo wangu, husimama pale kitambo kirefu kuliko wateja wengine, halafu huenda zake. Mumewe alitangulia zamani. Mke wangu naye alifariki miaka saba iliyopita. Nitasema wazi, umri wa kuzungusha maneno umenipita: nampenda yule mama. Lakini mdomo huu unaogombana na wateja kutwa nzima, akiingia yeye unakuwa mzito. Nilikuwa na hofu moja tu. Nilidhani kwake mimi ni dobi basi, mtu wa kupokea nguo chafu na kurudisha safi, na siku nitakayofungua kinywa atachukua magauni yake matano na sitamwona tena.

Jumatatu hiyo hakuondoka upesi.

"Mzee Pasi, Jumapili una kazi?"

"Jumapili nafunga, Sista."

"Basi njoo nyumbani tule mchana. Nina mapazia ya kutundika na mikono yangu haifiki juu. Ila nakuomba kitu kimoja. Usinijie na tai kama mtu anayekwenda mahakamani. Vaa fulana tu, kama watu."

Nikasema sawa. Alipotoka nilikaa juu ya kapu la nguo chafu, kitu ambacho sijawahi kukifanya. Nikajiambia: Jumapili nitamwambia. Nisipomwambia Jumapili, sitamwambia tena.

Binti yangu ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kimepakana na changu, na ukuta wa katikati ni wa mbao, kwa hiyo katika nyumba ile hakuna siri. Aliingia kabla sijamwita, mkanda wa kupimia ukimning'inia shingoni.

"Kumbe ni kweli," alisema, "ng'ombe hazeeki maini."

"Nyamaza wewe. Naenda kutundika mapazia."

"Ndiyo, Baba. Mapazia."

Nilimtazama usoni nione kama ameumia. Mama yake alikuwa mama yake, na mimi nilikuwa tayari kuacha jambo lote kama angenuna. Hakununa. Alinirekebishia tai, akasema, "Baba, miaka saba unakula umesimama, sufuria mkononi. Mama angekuwa wa kwanza kukusukuma uende." Machozi yakanilenga. Nikageuka nikajifanya naangalia kama pasi imepata moto.

"Sasa," akasema, "lete hizo fulana zako tuzione."

Nilikuwa nazo mbili. Kwangu mimi fulana ni nguo ya ndani. Ukivaa hiyo peke yake ni kama umetoka nyumba inaungua. Ya kwanza ilitolewa bure na wauza rangi za nyumba, ina ndoo kubwa kifuani. Aliishika kwa vidole viwili.

"Hii ni bango. Utakwenda kwa mtu kumtangazia rangi?"

Ya pili ilikuwa nyeupe, lakini shingo yake ilishalegea kama mdomo wa gunia. Hiyo hakuisemea neno, aliipasua vipande viwili akanipa nifutie meza. Kesho yake akaja na mpya, ya pamba, rangi ya majivu iliyokolea, haina maandishi wala picha. Akanisimamisha mbele ya kioo wanachotumia wateja wake.

"Tazama hapa begani. Mshono ukae juu ya mfupa. Ukishuka mkononi unaonekana umevaa ya kaka yako, ukipanda shingoni ya mdogo wako. Mkono uishie katikati, kati ya bega na kiwiko. Inua mikono."

Nikainua.

"Juu kabisa, kama umeshikwa na askari. Haya. Tumbo halijaonekana, urefu unatosha. Shusha. Sasa ubavuni imepwaya, vua niipunguze."

"Uipunguze nini, fulana? Watu wanapunguza suti!"

"Baba, shati lina kola, lina vifungo, lina mfuko, mtu anajificha humo. Tisheti haina pa kujificha. Kwa hiyo ndiyo inatakiwa ikukae sawa kuliko nguo zote."

Nikaivua, maana lilikuwa neno la fundi, na neno la fundi nalijua nikilisikia. Akapunguza ubavu vidole viwili, akanirudishia. Akaikataa suruali yangu yenye marinda kiunoni, akanichagulia ya bluu nyeusi niliyoisahau sandukuni. Mkanda wa kahawia, viatu vya kahawia, visafi, bila kung'arishwa mpaka mtu ajione uso. Saa, basi. Kalamu mbili ninazotembea nazo akazinyang'anya. Nilipoanza kuichomekea fulana ndani ya suruali alinipiga kofi mkononi.

"Iache nje. Ikiwa fupi na imekaa vizuri, iache nje. Siku nyingine ukitaka, utavaa shati juu yake, vifungo wazi, itakuwa kama koti. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Lakini Jumapili nenda hivi hivi."

Nilijitazama kiooni. Sitasema uongo: nilipendeza. Mikono yangu, ambayo miaka thelathini na mmoja ya pasi imeijaza misuli, kumbe nilikuwa naificha. Nikageuka upande huu na ule mpaka binti yangu akaanza kucheka.

"Na sikiliza," alisema. "Usiiguse. Nimeifua, nimeikung'uta, nimeitundika. Ivae kama ilivyo."

Samaki mkunje angali mbichi, na mimi nilishakauka. Jumapili asubuhi binti yangu alikuwa kwa mumewe, nami nilikuwa peke yangu na ile fulana ikining'inia kwenye msumari. Ilikuwa na mkunjo. Mmoja, mdogo, karibu na pindo. Nilikunywa chai nikiutazama. Nilioga nikiuwaza. Nikasema nitaupitishia pasi kidogo tu, nani atajua? Nikaupitishia. Sasa pindo likawa limenyooka na kifua kimelala, nikaona si haki. Nikapiga kifua. Mikono ikabaki imelegealegea kama masikio ya mbwa mgonjwa, na wanga ulikuwa palepale kwenye karai, wa moto, nimeuchemsha kwa kazi ya Jumatatu.

Hata sikumbuki niliichovya lini. Mtu aliyefanya kazi moja miaka mingi mikono yake haimwombi ruhusa. Nilipozinduka, fulana ilikuwa mezani imekakamaa, ina mstari kila mkono na mstari katikati ya kifua, na ningeweza kuisimamisha sakafuni ikasimama. Tena maji ya moto yalikuwa yameirudisha. Nilipoivaa ililia kama karatasi, na nilipoinua mikono, kitovu changu kilitoka kusalimia.

Nguo za wateja zilikuwa kwenye kamba, zikiwemo fulana tatu nzuri za saizi yangu. Hapana. Dobi anayevaa nguo ya mteja afunge duka akalime. Nikatazama saa, nikatazama tai yangu, nikakumbuka neno la Sista. Kuna watu hufa na tai shingoni. Mimi nilitoka kwenda kufa na fulana ya mbao. Njiani nilitembea mikono imenitoka kando kama mtu aliyebeba ndoo mbili.

Sista alifungua mlango. Alikuwa amevaa gauni la kijani lenye marinda, kichwa wazi, na nilitaka kumwambia amependeza. Yeye alinitazama kuanzia mabegani, akashuka taratibu, akapanda tena.

"Mzee Pasi. Umeitia wanga?"

"Kidogo," nikasema.

Alicheka. Alicheka akaegemea mlango, akashika ubavu, akataka kusema neno akashindwa, akacheka upya. Kwa mtu mwingine ningekasirika. Nimewahi kumfukuza mteja kwa kicheko kidogo kuliko hicho. Lakini nilisimama pale masikio yakiwaka moto, na ndani nikajisemea, basi imekwisha, dobi ni dobi. Nikageuka niondoke.

"Unakwenda wapi? Ingia!" Akanishika mkono, akanivuta ndani, akanikalisha. Akaleta kitambaa chenye maji akaanza kunigandamizia mabegani, kifuani, chini ya kwapa palipokuwa pananikwaruza, bila haraka, kama anavyowafanyia wagonjwa wake. Maji yalipoingia, wanga ulilegea. Nikaweza kukunja mkono, kisha nikaweza kupumua.

"Umeona?" akasema. "Kumbe una mabega."

Nilimwomba stuli nipande nitundike mapazia, maana kazi ndiyo lugha ninayoijua. Chumba kilikuwa kidogo na safi, meza ya watu wawili, kochi moja, madirisha mawili. Alinipa pazia la kwanza kutoka chini, zito, la kahawia, nikalipokea kwa mikono miwili na kuanza kupitisha pete kwenye fimbo.

Hapo ndipo nilipoona.

Nguo ya namna ile, mtu wa kawaida akiipiga pasi, inang'aa kwenye mishono, kwa sababu ameipiga upande wa mbele. Hii haikung'aa popote. Ilikuwa imepigwa kwa nyuma. Pindo lilipigwa kwanza, kisha mwili, kutoka katikati kwenda nje ili kitambaa kisivutike. Kwenye kona pasi iliingizwa ncha tu. Nilitafuta mstari pacha, ule unaotokea mkono usio na uzoefu unapokosea na kurudia, sikuupata. Mimi mwenyewe kuna siku naacha mstari pacha.

"Sista," nikasema nikiwa juu ya stuli, "haya mapazia nani ameyapiga pasi?"

"Mimi."

Nikatazama kitambaa cha meza. Nikatazama marinda ya gauni lake, na marinda ndiyo mtihani wa dobi: nilihesabu manane, yote yameanguka sawa.

"Na hilo gauni?"

"Mimi. Unamwona mtu mwingine humu ndani? Mama alinifundisha nikiwa na miaka tisa."

"Basi yale magauni ya kazi..." Nikamgeukia palepale juu ya stuli. "Kila Jumatatu. Miaka miwili. Kwa nini unaniletea mimi?"

Sista aliinama akaokota pete iliyoanguka. Alipoinuka hakuwa anacheka tena.

"Mzee Pasi, mengine yalikuwa yameshapigwa pasi," alisema. "Nikifika pale kwenye kona yako nilikuwa natoa moja moja kwenye mfuko, nayafinyanga kwa mikono mpaka yakunjane, ili ukiyaona uone kazi ipo."

Stuli iliyumba chini yangu. Nilimwona akilini mwangu, mwanamke mzima, muuguzi mwenye heshima zake, amesimama kwenye kona asubuhi anafinyanga nguo safi. Na mimi nilikuwa nyuma ya meza nikimpa risiti.

"Shuka, utaanguka," akasema.

"Sishuki. Nikishuka nitanyamaza tena, najijua." Nilikuwa bado nimelishika pazia, pete tatu zimeingia na tano hazijaingia. "Sista, nakupenda. Sijui kuyasema haya vizuri. Nataka tukae pamoja, tule mezani tumekaa, tuzeeke. Kama mimi dobi nakufaa."

Aliziba mdomo kwa mkono. Nikaanza kutafuta mlango kwa macho.

"Unanifaa tangu mwaka juzi," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imekatikakatika. "Nilikuwa nimeshachoka kufinyanga."

Nikashuka. Akanishika mikono yote miwili, tukasimama katikati ya chumba kama watu waliosahau walichokuwa wanafanya, mpaka akakumbuka chakula kimepoa akaenda kukipasha moto. Pazia la pili tulilitundika jioni.