Kabati la Mifarishi

Ulugbek alikuwa na jino moja la dhahabu na maneno ya watu sita. Miaka minne alikaa Urusi akipakia mizigo kwenye malori, kisha akarudi kwao Margilan akisema alikuwa akiwatengenezea samani mawaziri. Mjomba wake, mwenye karakana, akampa meza ya kukatia mbao. Mastura, aliyekuwa pale miaka kumi na moja kabla yake, akapewa kazi ya kumvumilia.

"Dada Mastura, bado unahangaika na pasi?" Ulugbek alimwambia asubuhi ile, kama alivyomwambia kila asubuhi. "Kule kwa wenzetu kuna mashine. Ubao unaingia huku, unatokea kule umeshabandikwa utepe, umeshapunguzwa, umeshapigwa msasa."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini hapo? Unaupungia mkono ukipita?"

Mastura hakuinua uso. Alikuwa ameulaza ule utepe mwembamba wa mbao ya mjozi, wenye gundi mgongoni, juu ya ukingo wa plaiwudi, pale ambapo matabaka yanaonekana kama mkate uliokatwa vibaya. Juu yake akapitisha pasi polepole, kwa mkono usio na haraka wala usingizi. Ukiharakisha, gundi haiyeyuki. Ukisinzia, utepe unaungua na kunuka kama nywele kwenye moto.

Kuubandika, kila mtu anaweza. Kazi ipo kwenye kupunguza ule upana unaozidi. Ulugbek alikuwa na kile kikatio cha kubana chenye visu pande mbili, akikivuta kwa fujo kama anayemnyonyoa kuku aliyemtukana. Utepe ukipasuka alisema ni mbovu. Ukipasuka wa pili alisema plaiwudi ina unyevu. Alishalaumu utepe, ubao, hali ya hewa na umeme. Siku moja Mastura alimsikia akiulaumu mkono wake wa kushoto, akadhani hatimaye jamaa anakaribia ukweli.

Mastura mwenyewe alitumia kisu na tupa. Kwanza alitazama nyuzi za mbao zinaelekea wapi. Kisu kilipoanza kuzama ndani hakushindana nacho. Alikitoa, akauzunguka ubao na kuanzia upande wa pili. Kisha tupa, imelazwa mshazari kidogo, akiisukuma kuelekea kwenye ubao tu, bila kuirudisha nyuma hata mara moja.

"Nipe ukingo mmoja tu nikusaidie," Ulugbek alisema.

"Utapewa wa nyuma, unaotazama ukuta. Na hata ukuta nitauonea huruma."

Kabati walilokuwa wakilitengeneza lilikuwa la Nigora, binti wa pekee wa Mastura, aliyebakiza siku mbili aolewe. Margilan ni mji wa hariri, na bibi harusi haingii kwa mume bila mifarishi ya hariri, ya kulalia na kujifunika, mizito, iliyopangwa kabatini mmoja juu ya mwingine mpaka juu. Kila mgeni anatandikiwa. Kila siku inavutwa na kurudishwa. Kibanzi kimoja kikichomoza ukingoni, hariri inanaswa, uzi unatoka, na kuanzia hapo kabati lina jina na mwenye kabati analirithi. Mtaa wa pili kulikuwa na mwanamke aliyeitwa Kucha la Paka kwa sababu ya rafu moja tu. Ameshazaa watoto watatu na bado anaitwa Kucha la Paka.

Nigora asingeitwa hivyo. Kwa ajili ya hilo Mastura alishapiga msasa kingo kumi na nne, na jioni ile akazipitishia kitambaa cha hariri, zote, kisha akazipitishia tena kana kwamba hakujiamini, ilhali alijiamini sana.

Kwa desturi mama wa bibi harusi hakanyagi nyumba ya wakwe wakati wa kupanga vyombo vya binti. Anabaki kwake, analia kidogo, anasubiri habari. Lakini kesho yake kabati lilikwenda vipande vipande, na wa kuliunganisha alikuwepo Ulugbek peke yake. Mastura alimfikiria Ulugbek akifunga milango ya kabati la binti yake. Akavaa aproni, akajitanda kitambaa cha kazini, akapanda lori.

"Naenda kama fundi," alimwambia Nigora. "Sina mdomo leo."

Nigora alicheka mpaka akakaa chini.

Tursunoy, mama wa bwana harusi, alikuwa mlangoni. Alimtambua Mastura mara moja, akawa mwekundu, akatazama nyuma yake. Ndani, juu ya mto mkubwa kuliko ya wengine, alikuwa amekaa wifi yake Hojar, dada mkubwa wa marehemu mumewe, aliyefika jana yake kutoka mji wa Kokand. Hojar hakuwahi kumwona Mastura; siku ya uchumba goti lilimzuia. Ulimi haukuwahi kumuuma hata siku moja.

"Karibuni, mafundi," Tursunoy alisema, akasisitiza neno la pili.

Mastura akaelewa. Desturi ni desturi. Akapiga magoti akaanza kufunga bawaba, na wanawake sita wa mtaani wakakaa ukutani na mabakuli yao ya chai kutazama.

"Siku hizi wanawake nao wanashika bisbisi?" Hojar aliuliza. "Mumeo yuko wapi?"

"Makaburini, mama. Ukiwa na la kumuuliza, njia iko wazi."

Mwanamke mmoja alipaliwa na chai. Hojar akahamia kwenye kabati.

"Plaiwudi! Mimi niliolewa na kabati la mjozi mtupu, wanaume wanane walilibeba. Hili si wangelibeba watoto wakienda shule? Wamelizungushia utepe kama kidonda. Huyo mama wa binti ni mtu wa namna gani?"

Tursunoy alikuwa amesimama na birika mkononi. Alijua anayesemwa amepiga magoti hatua tatu kutoka pale. Akatazama mdomo wa birika kwa makini, kama anayesoma maandishi.

"Nasikia mjane," Hojar akaendelea, "anashinda na wanaume kwenye vumbi. Binti wa namna hiyo atajua kukunja mfarishi?"

Mastura alikaza skrubu mpaka ikalia. Kabati la mjozi mtupu! Wanaume wanane walilibeba. Na lilipobebwa kuuzwa mwaka wa njaa, maana lazima liliuzwa kama makabati yote ya wakati ule, wabebaji hawakutajwa.

Kabati likasimama. Hojar akainuka, akauchukua mfarishi mwekundu wa juu kabisa kwenye rundo lililongoja kupangwa, akaanza kuuburuta kwenye kingo. Rafu ya chini, kimya. Ya kati, kimya. Kwenye ya juu aliupitisha kwenda na kurudi, akiwa na uso wa mtu anayetafuta sarafu aliyoiangusha. Hariri ilipita kama maji. Ukutani mwanamke mmoja akanong'ona, "Kazi safi."

Hapo Hojar akainama, kama anayetaka kutazama kwa karibu. Mastura, kutoka chini alipokuwa, aliona ukucha wa dole gumba ukiingia kwenye kona ya rafu ya kati, mwisho wa utepe, ukachokoa mara moja, mara mbili. Utepe ukainuka upana wa kidole.

"Haya! Njooni muone!" Hojar akaita. "Halijalala hata usiku mmoja, linabanduka!"

Ulugbek akamwinamia Mastura. "Dada, niseme ni mimi niliyeubandika huo? Wanifokee mimi, yaishe."

Mastura akamtazama. Lilikuwa jambo la kwanza jema kutoka kwenye mdomo ule mwaka mzima.

"Wewe? Ungekuwa wako usingengoja ukucha. Ungebanduka mtu akikohoa."

Akasimama, akapangusa mikono. "Mama mwenye nyumba," alimwambia Tursunoy, "una pasi?"

Pasi ikaja. Mastura akaipitisha juu ya ile kona mpaka gundi ikalainika, akaulaza utepe mahali pake, akaweka kipande cha mbao juu.

"Mama wa Kokand, njoo ubonyeze hapa."

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyeiona kona. Jicho lako limeshazoea mahali. Mikono yote miwili. Haya, kwa uzito." Ukutani mtu akacheka puani. "Gundi ni moto. Ukiachia kabla haijapoa, utepe utainuka tena, na safari hii kila mtu anajua mkono uliokuwepo."

Hojar hakuwa na njia. Akabonyeza.

Mahali padogo kama pale gundi hupoa kabla hujamaliza kupiga chafya tatu. Mastura alilijua hilo, na akasimama kando na tupa yake mkononi, akimtazama Tursunoy.

Kabati lilikuwa limeshafaulu. Hariri ilisema mbele ya mashahidi sita. Kilichobaki kupimwa kilikuwa kimeshika birika. Mara tatu mwanamke huyu alikuja kumposa Nigora, akala mkate wa Mastura, akamwita mkwe wangu wa pekee. Leo hii, Mastura yumo chumbani, ana chuma mkononi, na bado huyu hawezi kutoa neno. Mlango ukishafungwa, Nigora yuko ndani peke yake, nani atamsemea?

"Imepoa?" Hojar akauliza.

"Bado."

Muda ukapita. Kitambaa cha Hojar kikaanza kuteleza kuelekea jicho la kushoto, na mikono ilikuwa na kazi.

"Sasa?"

"Bado, mama. Bonyeza."

"Wewe fundi, unanichezea?"

"Gundi haina mchezo."

"Kule kwa wenzetu," Ulugbek akadakia, jino likimeta, "hiyo huchukua nusu saa. Kwa mawaziri tulikuwa tunabonyeza nusu saa nzima."

Kwa mara ya kwanza Mastura aliushukuru uongo wake.

Hojar akahema. Kitambaa kikafunika jicho moja kabisa, akabaki akiitazama rafu kwa lililobaki, na kwa sababu kunyamaza kulimshinda hata katika hali ile, akasema, "Nikimpata mama wa huyu binti..."

Birika likatua kwenye meza, kwa kishindo kikubwa kuliko kilichohitajika.

"Mkwe wangu," Tursunoy alisema. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilitoka. "Mkwe wangu, mwachie wifi. Amechoka."

Wanawake sita wakageuza shingo pamoja.

"Mkwe wako nani?" Hojar akauliza, bado amebonyeza.

"Huyu. Mastura. Mama yake Nigora." Ungesema Tursunoy ameishia hapo, lakini aliyekaa kimya mbele ya wifi miaka ishirini na sita hajui pa kukomea. "Kabati amelitengeneza mwenyewe. Na huo utepe, wifi, nimekuona ulivyouchokoa. Na kabati lako la mjozi, marehemu mume wangu aliniambia lilikuwa la kuazima."

Hojar alibaki ameinama, mikono kwenye kipande cha mbao, hathubutu kubonyeza wala kuachia.

"Achia tu, mama," Mastura alisema kwa upole uliochoma. "Imepoa zamani."

Akaisogelea kona, akapitisha tupa mara tatu, mshazari, kuelekea kwenye ubao. Akapuliza vumbi. Hojar akarudi kwenye mto wake, akarekebisha kitambaa, akanyoosha mkono kungoja bakuli lake la chai, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa na mkubwa huanza.

Tursunoy akamimina. Akampita.

Bakuli lilikuja kwa Mastura likiwa nusu, kama anavyomiminiwa mgeni ambaye hutaki aondoke, ili aombe tena. Mikono yake ilikuwa na gundi na vumbi la mjozi, akalipokea hivyo hivyo. Chai yenyewe ilikuwa hovyo: nyepesi, imepoteza moto, imekaa kwenye birika muda wote Tursunoy alipokuwa anatafuta moyo wake. Mastura aliinywa mpaka chini, akanyoosha bakuli aongezewe.