Makala ya Chujio

Clotilde aliingia uani, akaona bati tupu, akashtuka. Asubuhi alikuwa ametandaza pale makala yake, yale makaa ya chujio, yameoshwa kwa maji moto bila hata tone la sabuni, yakauke juani. Sasa bati lilikuwa tupu kabisa, na mbabula, jiko lake la makaa, ilikuwa inawaka vizuri, sufuria ya bukari, yaani ugali, juu yake.

"Mama, ile makala ya pa bati iko wapi?"

Émilienne, mama mkwe wake aliyekuja kumtembelea kutoka Kakontwe, aligeuka na mwiko mkononi, anatabasamu. "Minye nilipikia nayo. Gunia ilikuwa tupu, na ulisema bailleur anakuja. Mugeni arudie na njaa, mutoto yangu?"

Ee Mungu wangu! Utamgombeza vipi mama aliyefanya kile ambacho kila mama wa Likasi angefanya?

Chumba cha nyuma kilijaa mifuko ya mabua yaliyochachuka, ambamo aliotesha bowa, uyoga ule ambao watu huutamani sana kiangazi, wakati porini hupati hata mmoja. Ndio uliomlisha yeye na binti yake Jessy tangu afiwe na mume. Lakini mabua yale yananuka, usifanye mchezo! Ndiyo maana feni ilivuta hewa ya chumbani na kuitoa nje kupitia ndoo ya plastiki iliyotobolewa, imejaa makala, na makala yakala harufu. Yakichoka, aliyaosha, akayakausha, akayarudisha. Safari hii alichelewa kuyaosha. Upande wa pili wa ukuta, mama mzee wa bailleur, Papa Evariste mwenye nyumba, akaanza kukohoa na kulalamika. Papa Evariste hakupiga kelele. Alisema tu, "Nitakuja kunusa mwenyewe. Nikisikia ile harufu, unatoka na mabua yako." Na leo ndiyo alikuwa anakuja.

Clotilde aliitua sufuria chini, akachota makala mekundu kwa koleo na kuyatumbukiza kwenye ndoo ya maji. Chwaa! Mvuke ukamfunika uso.

"Weye! Unazima moto, na bukari haiyaiva!"

"Bukari itangoja, mama. Bailleur hatangoja."

Mengine yalikuwa yameshakuwa majivu, lakini mengi yalibaki, meusi na mepesi. Aliyakung'uta maji, akayapepea kwa kipande cha katoni. Ya mwisho, yale ya chini ya mbabula, hayakufika majini, kwani maji yalikuwa yamegeuka tope. Aliyafukia kwenye majivu mpaka yakaonekana meusi kama yale mengine.

"Hodi!"

Aliyamimina yote kwenye chujio, akafunga kifuniko, akawasha feni.

Papa Evariste alizunguka nyuma ya nyumba, akasimama mahali hewa inapotokea, pua juu. Alinusa. Akainama, akanusa tena.

"Sisikii kitu," alisema mwishowe. "Haina harufu hata kidogo. Mama yangu ni uzee tu. Baki, Mama Jessy."

Clotilde alitaka kulia kwa furaha. Moto ulikuwa umeyasafisha makala kuliko jua! Émilienne alimaliza bukari kwa vijiti vya kuni alivyookota, akamkaribisha mgeni, na Papa Evariste akakaa uani, akanawa, akaanza kula taratibu, anasifu bowa.

Hapo ndipo Clotilde aliposikia harufu. Si ya mabua. Ilikuwa ya plastiki inayoungua.

Papa Evariste alikuwa bado hajaisikia. Angemaliza kula, angeaga, angeondoka. Jamani, ni tonge chache tu! Lakini ndani ya ndoo kulikuwa na kaa lililobaki hai, feni ilikuwa inalipuliza, na mabua yalikuwa pembeni, na nyuma ya ukuta bibi kizee alikohoa.

Clotilde aliinuka mbio, akachomoa waya, akaikumbatia ndoo na kuipindua katikati ya ua. Makala yakatawanyika mpaka miguuni pa mgeni. Moja lilikuwa jekundu, na tumbo la ndoo lilikuwa limeyeyuka.

Papa Evariste aliweka tonge chini. "Uliweka moto ndani ya nyumba yangu?"

"Papa, ni minye niliichoma," Émilienne alianza.

"Hapana, mama. Minye ndiye niliweka, na sikuhakikisha."

Papa Evariste aliinuka. "Harufu, labda tungeizoea. Lakini mama yangu analala nyuma ya ule ukuta." Alinawa mikono, akanyoosha kiganja. "Ufunguo."

Clotilde alimpa. Aibu ilimchoma.

Mgeni alipoondoka, Clotilde alimkuta Émilienne amepiga magoti mavumbini, anaokota makala moja moja. Kila kaa alilishika kwanza kwa kiganja, akangoja, ndipo akalitia kwenye kitenge chake.

"Mama, acha. Ya nini tena?"

"Kule Kakontwe niko na chumba cha marehemu bwana yako, iko tupu. Bailleur wa kule ni minye." Aliendelea kuokota bila kuinua uso. "Ila utanionyesha ile makala ya kupikia na ile ya kuacha."