Jibini Zilizogeuzwa

Maryvonne alizigeuza jibini zote sitini, asubuhi na jioni, siku saba mfululizo. Kwao Normandi jibini isiyogeuzwa ni ya mvivu. Mama mkwe wake, Huguette, alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake, akamwachia agizo moja tu: "Zioshe kwa maji ya chumvi." Miaka miwili tangu aolewe, ndiyo kwanza anaachiwa chumba cha chini cha kuivishia jibini. Basi alijituma kweli, ili walau mara moja aonekane mtu wa nyumba ile.

Lo, maskini! Jibini ya Langres, mji alikoolewa, haigeuzwi. Hukaa vilevile ilivyolazwa mpaka katikati pabonyee, pawe na kibonde cha kumiminia mvinyo. Mjini hapa hata mtoto anajua, na kwa kuwa kila mtu anajua, hakuna aliyewahi kumwambia.

Huguette akarudi, akashuka ngazi, akawasha taa. Jibini sitini, bapa kama meza.

"Umezigeuza?"

"Kila siku, mama. Sikusahau hata moja."

"Ee Mungu wangu," akasema Huguette, akaketi juu ya ndoo. Hakufoka. Maryvonne aliona heri angefoka. Alipanda jikoni akamenya viazi huku analia.

Ijumaa walizipeleka sokoni hivyohivyo, maana chakula hakitupwi. Mzee Anselme, mteja wa miaka nenda rudi, akainua moja, akaipindua, akaangua kicheko.

"Huguette! Kibonde kiko wapi? Au uzee umekusahaulisha kazi? Mvinyo wangu niumimine wapi, kiatuni?"

Watu wakageuka. Maryvonne akainamisha kichwa, akingoja kutajwa. Akitajwa hapa, mji mzima utajua kabla ya chakula cha mchana, na hatakuwa mtu wa hapa maisha.

"Mimina kooni, ndiko unakoumimina siku zote," Huguette akamjibu. "Nimezigeuza mwenyewe, kwa mikono yangu. Nimechoka kunywesha walevi. Unachukua, huchukui?"

Soko likaangua kicheko, safari hii likimcheka Anselme. Akachukua mbili.

Huguette, ambaye hata makosa yake mwenyewe hakuwahi kuyakubali, akaendelea kupanga jibini bila kumtazama mkwewe.

"Kesho tunashuka sote chini," akasema. "Na ukigeuza hata moja, nakukata vidole."

"Ndiyo, mama," akasema Maryvonne. Akasogea karibu, akaanza kupanga jibini pamoja naye.